Mwaka Ule Mpira Ulipokuwa Ukipotea

Jumamosi tulimzika Kasongo, na kutoka makaburini tukaenda kula kwenye ukumbi wa kukodi kule Hallunda, karibu na maduka. Ukumbi ulijaa. Wakongo walikuwa wengi kuliko sisi wengine wote, foleni ya chakula ilizunguka viti mara mbili, na wanawake waliokuwa wakipakua fufu na sombe ya majani ya muhogo walikuwa wakigombana kwa Kifaransa kuhusu nani kachukua mwiko wa nani. Nyuma yangu vijana wawili waliozaliwa hapahapa walikuwa wanabishana kwa Kiswidi kama ni kweli marehemu alicheza besiboli au ni hadithi za wazee tu. Mmoja akasema haiwezekani, Mkongo na besiboli wapi na wapi. Nikageuka nikawaambia kwa Kiswahili kwamba alikuwa mrushaji, tena mrushaji hasa, na mimi nilikuwa timu moja naye. Wakanitazama, wakakitazama na kitambi changu, wakanyamaza kwa adabu. Nilipokaa mezani bwana mmoja wa Burundi, mtu mpole mwenye tai iliyombana, akaniuliza, "Mzee, wewe na marehemu mlijuana vipi?" Nikamjibu, "Tulikuwa tunakula pamoja." Lilikuwa jibu jepesi, na halikuwa uongo. Lakini tangu siku ile linanikera, maana Kasongo alistahili jibu refu zaidi, na mimi nimefika umri wa kulitoa bila aibu. Au hata na aibu, potelea mbali.

Nazungumzia mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimemaliza mafunzo ya udereva wa basi na kuajiriwa kwa majaribio, naendesha basi kati ya stesheni ya Farsta na mitaa ya maghorofa iliyoizunguka. Kibali changu cha kuishi nchini kilishikiliwa na kazi ile. Kazi ikikatika na kibali kinakatika. Mtu akiniuliza leo mwaka ule ulikuwaje, mdomo unataka kusema ulikuwa mwaka mtamu kuliko yote, kwa sababu ndipo nilipoupata mji huu: nikapata mahali pa kula, nikapata bia yangu, nikapata mchezo wa Jumapili na watu wa kunitania. Na ni kweli. Ila sikumbuki siku hata moja ya utamu ule, kuanzia mwezi wa tano na kuendelea, ambayo sikuwa na woga tumboni. Nilikula nikiwa na woga. Nilicheka nikiwa na woga. Mpaka leo nikisikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwenye siagi, roho inanifurahi kwanza, halafu inanipiga pa!

Mgahawa wenyewe ulikuwa chini ya jengo moja la ghorofa, dakika tano kwa mguu kutoka stesheni, na mwenyewe alikuwa mama mmoja aitwaye Birgitta, mfupi, mwenye mikono mikubwa na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Meza tisa, mapazia ya kahawia, na joto la kukufanya uvue sweta. Waliokula pale walikuwa mafundi rangi wenye suruali zilizotapakaa chokaa, wastaafu waliosoma gazeti moja kwa zamu, na sisi. Nyama ya kusaga iliyobanwa bapa ikakaangwa na vitunguu, viazi vya kuchemsha, mchuzi mzito, na pembeni jemu ya matunda mekundu ya msituni, ambayo mwanzoni niliitazama kwa hasira, jemu na nyama, jamani, halafu baada ya mwezi nikawa naomba niongezewe. Alhamisi ilikuwa supu nzito ya njegere za manjano, na baada yake chapati za maji. Kasongo hakukosa Alhamisi. Alikuwa akifanya usafi uwanja wa ndege, zamu ya kuanzia alasiri, kwa hiyo alikula kwa Birgitta mchana ndipo akapanda treni mpaka Märsta, upande wa huo uwanja, na tumbo lililojaa. "Njegere ya huyu mama," alikuwa akisema, "inanibeba mpaka saa nne ya usiku, sina haja ya kitu ingine."

Siku ya kwanza aliponipeleka pale niliagiza bia, na Birgitta akaniletea chupa imeshafunguliwa, baridi mpaka inatoka jasho. Nikairudisha. Sikukusudia ubaya. Nilikotoka mimi, mhudumu anakuuliza ya moto au ya baridi, halafu anakufungulia chupa palepale mbele yako. Ukiletewa iliyokwisha kufunguliwa unajiuliza kaifungua nani na kaweka nini. Kiswidi changu kikaishia njiani. Kasongo akafanya ukalimani, na nikaona uso wa yule mama unabadilika. "Nimemwambia unaogopa atakupa sumu," akaniambia kwa Kiswahili, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Mjinga yule! Nilitaka kuingia chini ya meza. Birgitta akashika kiuno, akanitazama kitambo, akaenda stoo, akarudi na chupa ambayo haijawahi kuonana na friji. Akaifungua karibu kabisa na pua yangu, akaninusisha kizibo, akasimama ananisubiri ninywe. Nikanywa. Mafundi rangi wakapiga makofi. Tangu siku ile Birgitta alinitunzia chupa mbili nje ya friji, na kila mara alinionyesha kizibo kwanza, anafanya kama daktari anayeonyesha sindano mpya. Ukitaka kujua nilianza lini kujiona mwenyeji wa Stockholm, ni hapo.

Besiboli ilikuwa ya Kasongo. Aliishi Kampala miaka mingi kama mkimbizi kabla ya kuletwa huku, na kule Kampala, aliniambia, aliona vijana wa shule wanarushiana mpira mdogo mgumu, akakaa kuwatazama, siku ya tatu wakampa glavu. Huku Farsta alikuta watu wachache wenye wazimu uleule, wanacheza kwenye uwanja uliopakana na msitu, na kocha wao alikuwa fundi bomba wa Kikuba aitwaye Ramón. Akanikokota. Mimi mchezo wangu ulikuwa kandanda tu, na nilidhani besiboli ni mchezo wa kusimama. Kumbe ndiyo, ni wa kusimama, na ndio utamu wake. Ramón aliniweka nyuma kabisa, upande wa kushoto, kwenye majani marefu, na huko unakaa na jua lako na nyuki wako, unasikia watu wanatukanana kwa lugha tano, halafu ghafla, ta! fimbo inagonga mpira na dunia nzima inakujia wewe. Watazamaji hawakuzidi kumi na tano, nusu yao wake na watoto. Kulikuwa na chupa za chai, soseji za kuchoma, na tukishinda tulikwenda kwa Birgitta, tukishindwa tulikwenda kwa Birgitta.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tano, anga jeupe lisilo na wingu. Mpira ukapigwa, nikauona unapanda, nikaanza kurudi nyuma huku nimeinua glavu, naufuata vizuri kabisa. Halafu haupo. Haukuanguka, haukwenda popote. Ulikuwepo, na sasa palikuwa na anga tupu. Nilisimama nimeduwaa. Ukatokea tena karibu na sikio langu, nikasikia upepo wake, ukapiga majani nyuma yangu. Ramón akanitukana kwa Kihispania. Kasongo akapiga kelele kutoka kati ya uwanja, "Petit, umelala?" Hivyo ndivyo alivyoniita, petit, mdogo wake, ingawa nilimzidi urefu kwa kichwa kizima. Nikapunga mkono kuonyesha jua limenipiga machoni. Jua lilikuwa nyuma yangu. Nilijua hivyo.

Jioni ile kwa Birgitta nikamimina bia mezani. Si kwamba glasi ilifurika. Niliimimina pembeni ya glasi, kwenye kitambaa, kwa utulivu kabisa, nikiongea, mpaka nilipohisi maji yamefika mapajani. Watu wakacheka. "Amelewa kabla ya kunywa!" Kasongo akasema, na mimi nikacheka kuliko wote. Kesho yake asubuhi, kabla sijaenda kazini, nikasimama bafuni nikaziba jicho la kulia kwa kiganja nikatazama kwenye kioo. Upande mmoja wa uso wangu haukuwepo. Palikuwa na ukungu wa kijivu, na katikati kipande cha pua na mdomo. Nikaondoa kiganja, uso ukarudi mzima. Nikaziba tena, ukaondoka. Sijui nilirudia mara ngapi. Nakumbuka maji ya bomba yalikuwa yanamwagika muda wote na sikuyafunga. Halafu nikavaa sare, nikafunga vifungo mpaka juu, nikaenda kuendesha basi.

Leo najua jina lake: presha ya macho. Haiumi, haiwashi, haikutoi hata chozi. Inakula kuanzia pembeni, taratibu, na jicho zima linamsaidia mwenzake kuziba pengo, ndiyo maana herufi za ukutani nilizisoma mpaka mstari wa mwisho siku ya kupimwa kazini. Inatupata sana sisi watu weusi, daktari aliniambia, wengine tungali vijana. Wakati ule sikujua lolote. Nilijua kitu kimoja tu, nilichokisikia mezani kwa watu kule Hallunda baada ya ibada, wanawake wawili wa Kitanzania wanaongea huku wanamenya machungwa: "Ukienda kwa daktari wa hapa, kila kitu anaandika. Na wakiandika, karatasi inakwenda Uhamiaji, wanakuona mgonjwa, wanakurudisha." Hakuna aliyewauliza wamelitoa wapi. Sote tulitikisa vichwa kukubali. Nimeishi nchi hii miaka mingi sasa na najua daktari hapeleki karatasi Uhamiaji, lakini neno lile lilinifunga miguu miezi mitano. Badala ya daktari nilinunua karoti. Nilikula karoti, jamani! Mbichi, mfuko mzima kwa siku mbili, nikisubiri abiria kituo cha mwisho, natafuna kama sungura aliyeajiriwa.

Na nikajifundisha ujanja. Uwanjani niliacha kuufuata mpira kwa macho, nikaufuata kwa masikio: mlio mkavu unakuja moja kwa moja, mlio mzito unadondoka mbele. Niligeuza kichwa kushoto, kulia, kushoto, bila kupumzika. Ramón akanisifu kwamba sasa niko macho. Ndani ya basi nilifanya vilevile, shingo inazunguka kutwa, jioni inauma mpaka siwezi kulala upande mmoja. Mabasi ya huku hayawaki mpaka dereva apulize kwenye kifaa cha kupima pombe. Kila asubuhi nilipuliza, kifaa kikanipa taa ya kijani, na kila asubuhi nilikaa sekunde mbili tatu nikiitazama ile kijani. Mimi nilikunywa bia mbili Jumapili na moja Alhamisi kama niko mapumzikoni; pombe haikuwa tatizo langu. Walioniona kwa Birgitta nikimwaga vinywaji walianza kusemasema kwamba Deo sasa amekuwa mlevi, na mimi sikuwakanusha. Afadhali mlevi. Mlevi anaweza kuacha.

Kasongo alikuwa na binti mmoja, Naomi, wa miaka tisa, aliyepanda basi langu kila asubuhi kwenda shule kama zamu hiyo ni yangu. Aliniita tonton, kama watoto wa Kikongo wanavyowaita rafiki za baba zao. Mimi nilimsalimu kwa Kiswahili, yeye akajibu kwa Kiswidi, na hiyo ikawa ada yetu. "Umeamkaje?" Anajibu kwa Kiswidi kwamba kaamka vizuri ila leo wana hesabu. Alikaa kiti cha nyuma yangu tu, upande wa mlangoni, na kwenye kioo cha ndani nilimwona yeye na wenzake waliopanda vituo vinavyofuata, mikoba mikubwa kuliko migongo yao. Mbele ya shule kulikuwa na kivuko cha waenda kwa miguu. Kile kivuko ndicho nilichokiogopa kuliko chochote duniani. Nilianza kukiogopa tangu ninapopuliza kifaa.

Mwezi wa kumi, asubuhi ya mvua nyembamba, niliondoka kituoni pale baada ya kushusha watoto. Nilitazama kushoto. Naapa nilitazama. Barabara ilikuwa tupu. Nikaachia breki, basi likaanza kwenda, na palepale mbele ya kioo changu pakawa na mwanamke na kigari cha mtoto. Hakuja, alikuwepo tu, kama mpira ule. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nyuma watu wakapiga kelele, kitu cha bati kikabingirika mpaka mbele. Basi lilisimama, na kati ya bampa na kile kigari palibaki nafasi ya kupitisha mkono. Mwanamke hakupiga kelele. Aliinua kiganja akapiga ubavu wa basi mara moja, kwa nguvu zake zote, akanitazama, akaondoka. Mzee mmoja akaniambia kwa Kiswidi, "Hawatazami hata wanakokwenda, hawa." Nikamshukuru. Mungu anisamehe, nilimshukuru. Nikamaliza zamu.

Ungedhani hapo ningeacha. Hata mimi, nikijisimulia leo, nafika hapa na kusubiri yule kijana aache. Hakuacha. Alikaa usiku ule anapiga hesabu ya miezi iliyobaki katika majaribio ya kazi, akaona imebaki mitatu, akajiambia miezi mitatu ataendesha polepole, akishathibitishwa kazini ndipo atakwenda kwa daktari. Niliogopa kumgonga mtu, ndiyo, niliogopa mpaka natapika asubuhi. Lakini niliogopa zaidi kushuka ndege na begi moja nikiwa nimeshindwa. Naandika kama ilivyokuwa kwa sababu Kasongo hayupo tena wa kuniambia nipunguze.

Jumapili iliyofuata ilikuwa mazoezi ya mwisho kabla ya baridi kufunga uwanja. Nilisimama mahali pangu nyuma kushoto, nikingoja Ramón apige mipira, najisikiliza tu. Nikageuza kichwa kushoto kwa mazoea, na Kasongo alikuwa hapo. Si mbali, ningenyoosha mkono ningemgusa. Amesimama kimya, ameinua mkono juu na mpira mkononi, kama mtu anayetaka kuurusha usoni kwangu.

"Lo! Uko hapo tangu lini?"

"Kitambo," akasema. Akashusha mkono polepole. Hakucheka. Ningetoa chochote acheke.

"Umenitisha, bwana."

"Nimepunga huu mkono mara tatu, petit."

"Nilikuwa namtazama Ramón."

"Njo vile," akasema, yaani ndivyo hivyo, akageuka, akarudi katikati ya uwanja.

Jioni kwa Birgitta akachukua chupa yangu akanimiminia yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana kila mwanaume pale alijimiminia. Akaijaza glasi vizuri, akaisogeza mpaka ikagusa vidole vyangu. Mafundi rangi walikuwa wanabishana kuhusu mpira wa magongo wa barafuni, Birgitta anafuta kaunta. Kasongo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Deo, iko kitu unataka kuniambia?" Nilikuwa na neno mdomoni, nawaambia kweli, lilikuwa hapa. Nikawaza: akijua mmoja, watajua wote, kesho liko Hallunda mezani na machungwa. Nikasema, "Hakuna kitu, kaka." Akatikisa kichwa mara nyingi, taratibu. "Sawa," akasema. "Hakuna maneno." Tukala, na sikumbuki tulikula nini, na kwangu mimi kusahau chakula si jambo dogo.

Jumatatu Naomi hakupanda basi. Nikadhani anaumwa. Jumanne hakupanda. Jumatano nilimwona: anatembea kando ya barabara, amevaa kizibao cha kuakisi mwanga, kofia imelowa, mkoba mgongoni, kilomita moja na nusu ya mlima na mvua, na basi langu linampita na viti vitupu. Nilipiga honi. Akainua mkono, akaendelea kutembea. Moyo wangu ulijua kabla yangu. Nilijiambia labda anafanya mazoezi, labda wamempa adhabu, labda shule imewaambia watembee. Nilitunga sababu nane kati ya kituo na kituo. Alhamisi nikamwona tena, na mvua sasa ilikuwa imechanganyika na theluji.

Ijumaa sikuweza. Nilifika kituo cha shule dakika mbili kabla ya wakati, watoto wakashuka, abiria wengine wakabaki wanasubiri safari iendelee. Naomi alikuwa anakuja upande wa pili wa barabara. Nikafungua dirisha langu dogo nikamwita. Akavuka kwenye kivuko, akatazama huku na huku kama walivyofundishwa, akasimama chini ya dirisha langu, maji yanamtiririka puani.

"Naomi, mama, mbona hupandi basi? Tazama ulivyolowa."

Akajibu kwa Kiswidi, bila hila yoyote, kama anaeleza kanuni ya shule: "Baba amesema nisipande kwako, tonton. Amesema hunioni."

"Nani? Mimi? Sasa hivi nakuona."

"Amesema hunioni nikiwa huku." Akasogea hatua chache kushoto, karibu na gurudumu la mbele. "Tazama mbele, tonton. Usigeuze kichwa. Nimeinua vidole vingapi?"

Nikatazama mbele. Nikaona kivuko, nikaona mlango wa shule na mwalimu mwenye mwavuli. Upande wa kushoto palikuwa na barabara iliyolowa, safi, bila mtu. Hakukuwa na vidole. Hakukuwa na mkono, wala kizibao kile kinachong'aa, wala mtoto. Nikangoja labda kitokee chochote. "Tonton?" akasema kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nikamwambia aende darasani, asichelewe, na asubiri nimpe ishara kabla hajapita mbele ya basi. Halafu nikazima injini. Nikasimama, nikawageukia abiria, nikawaambia kwa Kiswidi changu kibovu: "Samahani sana. Shukeni. Dereva haoni." Hakuna aliyeelewa. Ikabidi nirudie.

Mengi yalifuata. Nilipiga simu kwa waongozaji wa mabasi, akaja dereva mwingine na msimamizi kwa gari ndogo. Jicho la kushoto sikulipata tena. La kulia ninalo mpaka leo kwa matone ya asubuhi na jioni, na daktari alisema ningengoja miezi yangu mitatu, nalo lingekwenda. Kazi hawakuninyima, walinihamishia stoo ya vipuri. Uhamiaji hawakuniuliza hata siku moja kuhusu macho. Yote niliyoyaogopa hayakutokea, na lile nililolichezea, la kumgonga mtu, lilibakiza nafasi ya mkono. Lakini mchana ule sikujua lolote kati ya hayo. Nilitoka yadi ya mabasi kwa miguu, bado nimevaa sare, nikaenda kwa Birgitta, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Kasongo alikuwepo, anakula kabla ya treni. Akaniona mlangoni saa ambayo nilipaswa kuwa barabarani, akaweka kijiko chini. Nilikuwa na hasira, nakiri. Nilikuwa nimetembea njia nzima nikiipasha moto. Nikasimama mbele yake.

"Ulijua," nikamwambia. "Wiki nzima ulijua. Kwa nini hukusema?"

"Kaa, petit."

"Sikai. Kwa nini hukusema?"

Birgitta aliacha alichokuwa anafanya. Kasongo akanivuta kwa mkono wa sare mpaka nikakaa, upande wake wa kushoto, ambapo ningemwona.

"Nikienda kwa hao wakubwa wako, wanakufukuza, unarudi kwenu, na mimi njo nimekurudisha," akasema. "Nikikuambia weye, unakana. Nilikuuliza, ukakana. Nikafikiri, fikiri, nikaona bon, nitatoa mutoto yangu kwanza. Nikamtoa." Akakitazama kijiko chake. Sikuwahi kumwona Kasongo akiogopa, mtu aliyevuka alikovuka, na sasa aliogopa kunitazama. "Lakini nyumba yangu iko juu ya barabara, Deo. Kila asubuhi nasimama kwa dirisha, naona basi yako inapita na watoto ya wengine ndani. Ya wengine. Nawahesabu kichwa, na nanyamaza. Mimi ni mutu gani?"

Hasira yote ikaniishia. Nilichokuwa nacho cha kumwambia kilikuwa kimoja tu.

"Wewe uliviona vichwa tu," nikamwambia. "Mimi nilikuwa nawaona kwenye kioo. Nawajua kwa majina."